Mzee Aliyevua Mizigo Maboksi

Mzee wa Mizigo hakuweza kuona boksi akaliacha lilivyo. Ukimletea viatu, anavitoa. Cha kushoto anakitia ndani ya cha kulia, soksi anazijaza humo humo, boksi analikanyaga mpaka liwe bapa. Ukimletea redio, anaitoa, anaizungushia fulana za watoto, anaisokomeza katikati ya robota. Pasi, saa, taa, masufuria, vyote alivivua. Maboksi yalirundikwa nje ya mlango, na mama mmoja wa Kichina alipita jioni kuyaokota. Karatasi za maelekezo zilikwenda huko huko.

"Mnataka kusafirisha hewa?" alikuwa akituuliza. "Hewa iko ya kutosha Dar es Salaam."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Kwetu sisi jina lake lilikuwa hilo tu, Mzee wa Mizigo. Alikozaliwa na ukoo wake sikuwahi kumuuliza, na sitabuni leo. Alikuwa na stoo ghorofani, nyuma ya jengo moja la biashara kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na Watanzania wengi tuliokuwa tunanunua nguo Zhanqian Road tulimpelekea yeye mizigo aifunge na kuiingiza kwenye kontena. Alilala humo humo, nyuma ya marobota, juu ya kitanda cha chuma. Mimi nilikuwa naenda Guangzhou, kule China, kununua nguo za watoto za kuuza Mbeya. Nilikuwa mjane mwenye wajukuu tayari, shule nimeishia darasa la nne, na katika mji ule mkubwa yeye ndiye mtu niliyemwamini kumwachia mali yangu nikaenda kulala.

Nilimwamini kwa sababu alifungua kila kitu. Ukisema umenunua dazeni, hakukubali neno lako wala la muuzaji. Safari moja nilinunua wanasesere mtaa wa Yide Lu, nikajiona nimepata. Mzee alifungua, akapanga wanasesere sakafuni, na nusu yao walikuwa na macho yamepinda au mkono mmoja. Nikarudi dukani, laoban, yule mwenye duka, akanipungia mkono, meiyou, meiyou, maana yake hakuna, tusijuane. Nilirudi stoo nimenuna. Mzee akavaa koti lake, akawabeba wale wanasesere wabovu, akaenda kukaa kwenye kigoda mlangoni pa duka lile amewapakata. Hakugomba. Alikaa tu, mzee mweusi mwenye mvi, amepakata wanasesere vilema, wateja wanapita wanamtazama. Laoban alibadilisha wote. Mzee akamshika mkono, akamwita pengyou, rafiki, na kweli tangu siku ile wakawa wanasalimiana.

Hiyo ilikuwa wakati bado anatembea mjini bila kuangalia nyuma.

Jumapili tulisali stoo kwake, wa kutoka Tanzania na baadhi ya Wakongo, tumekaa juu ya marobota. Yeye aliongoza. Mtu akirefusha maombi, akaanza kuzunguka dunia nzima, Mzee alikohoa na kusema taratibu, "Fupisha, Mungu ameshakusikia." Baada ya sala alipika wali na samaki, akagawa sahani, yeye mwenyewe akala majani yaliyochemshwa na kipande cha samaki, maana alikuwa na sukari. Niseme ukweli, alikuwa mtu mgumu. Hakusifu, hakupokea udhuru. Lakini sijaona mgeni akitoka pale na njaa.

Sukari yake aliiongoza kwa simu. Alikuwa na simu ya Kichina ya laini mbili, yenye herufi kubwa na spika inayopiga kelele. Binti yake ni muuguzi Dodoma. Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee alijitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kijiti, akachomeka kijiti kwenye kimashine kidogo, akasoma namba na kumwandikia binti. Hakuandika salamu. Aliandika namba tu. Binti alijibu, "Vizuri baba, endelea na dozi hiyo hiyo," au, "Imepanda kidogo, punguza wali." Namba ilikwenda Dodoma na dawa ikarudi kwa maneno. Mimi nina presha, na wakati huo simu yangu niliijua kwa kupokea na kukata tu. Nilimwonea wivu.

Na hakuwa mjinga wa mambo hayo. Miaka ile wafanyabiashara walianza kutumiana meseji za tiba: maji ya bamia yanamaliza sukari, karela mbichi inamaliza sukari, mdalasini, mbegu za sijui nini, tuma kwa watu kumi utabarikiwa. Kila aliyeipata alimpelekea Mzee, kwa upendo. Yeye alisoma, kisha akauliza swali moja, la kila siku.

"Aliyeandika hii ni nani, na anauza nini?"

Ukikosa jibu, anaifuta. Zamani alikuwa anakwenda kwenye duka la intaneti kusoma kuhusu ugonjwa wake, akimwandikia binti barua ndefu na kuuliza hiki ni kweli, hiki ni uongo. Mimi nilimsindikiza mara moja. Alisoma huku kidole kikifuata mstari kwenye kioo, na mahali penye picha ya chupa ya dawa alipita haraka kama mtu anayepita mlango wa baa.

Ndiyo maana lililotokea lilituuma. Alihoji kila mtu, isipokuwa kile kimashine. Kimashine hakikuwa kinamuuzia kitu.

Mwaka ule wa Olimpiki ya Beijing na ule uliofuata, Guangzhou ilibadilika kwetu. Polisi walisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu, kwenye milango ya lifti, kwenye vichochoro vya vyakula. Huzhao, huzhao. Pasi ya kusafiria mkononi, viza wanaiangalia kwa tochi hata mchana. Vijana walikimbia ngazi wakavunjika miguu. Wengine walikwenda kununua mkate hawakurudi, tukasikia baadaye wako kizuizini wanasubiri tiketi. Viza ya Mzee ilikuwa imekufa. Aliomba kuongezewa akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa. Kurudi nyumbani hakutaka, kwa sababu stoo ile ndiyo ilikuwa maisha yake yote. Akitoka nje ya mpaka hataingia tena, na alilijua hilo.

Basi akajifungia. Duka la intaneti likafa kwake, maana pale kaunta walitaka pasi kwanza. Hospitali ikafa, maana nako kufungua kadi ni pasi. Mlango wa stoo ulifungwa, ukibisha unajitaja, ndipo anafungua kidogo. Tulimnunulia chakula. Dawa zake nilimnunulia mimi nikiwapo: nilibeba paketi tupu nikamwonyesha muuza dawa, naye akanipa nyingine iliyofanana. Vijiti vya kupimia tulimletea yeyote aliyepita dukani. Boksi la hapa, boksi la pale.

Binti hakujua lolote la viza. Mzee, ambaye hakuvumilia mwanasesere mwenye jicho limepinda, alimwambia mwanawe kwamba biashara ni nzuri na ana kazi nyingi, ndiyo maana haonekani kwenye intaneti.

Safari yangu ya mwisho ya kumkuta pale, nilibisha, nikajitaja, akachelewa kufungua. Alipofungua nilimkuta amekonda, suruali ameifunga kwa kamba ya robota. Pembeni ya kitanda kulikuwa na madumu ya maji. Alikunywa nikimwangalia, akanywa tena, akaenda msalani, akarudi akanywa. Kidole kikubwa cha mguu alikifunga kitambaa. Nikamuuliza pana nini. Akasema amejigonga na toroli, ni zamani, kitapona.

Nikamuuliza sukari inasemaje. Akanionyesha simu. Meseji za asubuhi zote zimepangwa pale, tisa, kumi, tisa, nane. Na majibu ya binti, vizuri baba, vizuri baba.

Nikamwambia mtu wa namba hizo hanywi maji hivyo.

"Mama Neema," akaniambia, "wewe unatazama madumu. Mimi natazama mashine."

Nikamuuliza kama amemweleza binti habari ya kiu, na ya msalani, na mguu. Hapo akakunja uso. Binti alikuwa ameuliza, alisema, tena kwa maandishi, unakwenda haja mara ngapi. Hakumjibu. Alisema yeye ni baba yake. Atamwandikiaje mtoto wa kike habari za mkojo wake? Namba ni kitu cha heshima, namba unaweza kumpa mtu yeyote.

Nilimwelewa, na nilikasirika. Mzee yule hakuwahi kudanganya hata tarakimu moja. Alichoambiwa na mashine alikiandika vile vile, akidhani amesema yote.

Kesho yake alikuja Mama Bea, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mnene, mcheshi, mwenye Kifaransa kingi. Alileta marobota yake ya vitambaa, akakaa kupumzika. Naye ni mtu wa sukari, na ana kimashine cha aina ile ile, walinunua duka moja. Mzee alikuwa bado hajapima asubuhi ile. Akachukua kopo la biskuti alilohifadhia vijiti, akafungua kifuniko, akachomoa kimoja kwa vidole.

Mama Bea akamwangalia, akaliangalia kopo.

"Papa, vijiti hivi ulivitoa mu kichupa yake?"

Mzee akasema ndiyo, vichupa vinakula nafasi. Maboksi matatu yameingia kopo moja na bado lina nafasi.

"Na kale kadude kanakuyaka ndani ya boîte? Unakabadilishaka?"

Kadude gani ndani ya boksi, Mzee akauliza.

Mama Bea akafungua mkoba wake, akatoa boksi lake zima, halijavuliwa kitu. Ndani kulikuwa na kichupa kilichozibwa vizuri, na karatasi, na kipande kidogo cha plastiki kama ukucha wa mtoto, kina namba juu yake. Akatuonyesha nyuma ya mashine, mahali kinapochomekwa. Kila boksi la vijiti lina cha kwake, alisema, nacho ndicho kinachoiambia mashine vijiti hivi ni vya namna gani. Ukitia vijiti vipya na kadude ka zamani, mashine inasoma ovyo. Na vijiti vikikaa wazi kwenye joto na unyevu wa Guangzhou, vinaharibika hata kama macho hayaoni. Yeye alielezwa na shemeji yake, mfamasia. Asingejua, alisema, maana karatasi yote ni Kichina.

Mzee akaigeuza mashine yake. Nyuma kulikuwa na kile kipande cha kwanza kabisa, alichochomekewa na muuzaji siku ya kununua. Vingine vyote vilikwenda na maboksi. Aliyageuza macho kwenda mlangoni, pale kwenye rundo lililokanyagwa, kama vile bado angeweza kwenda kuvichakura. Lakini rundo lilikuwa la juzi, na vile vipande vilishaondoka na yule mama zamani.

Mama Bea hakumsema. Alichomeka kipande chake, akatoa kijiti kutoka kichupani, akamshika Mzee mkono kama anavyoshikwa mtoto. Tone la damu. Tukasubiri. Mashine ikaonyesha ishirini na nne.

Akapima tena kwa kidole kingine. Ishirini na tano.

"Mwandikie mwanao," nikamwambia.

Alishika simu, hakuandika. Alisema tusubiri kesho, labda ni wasiwasi, labda ni chai ya jana. Nikamnyang'anya. Sikujua kuandika meseji, kwa hiyo nilimpa Mama Bea, akabonyeza akapiga. Binti alipokea akiwa kazini, nasikia sauti za wodi nyuma yake. Nilimweleza mimi: namba, kopo, kiu, msalani, mguu. Yote, kwa majina yake. Mzee aligeukia ukutani.

Binti akaomba apewe baba yake. Spika ile ya Kichina haikuficha kitu.

"Baba, nenda hospitali sasa hivi. Usisubiri kesho."

"Siwezi, mwanangu."

"Kwa nini huwezi?"

 Akamwambia habari ya viza. 

"Baba," binti akasema, "wakikukamata utarudi nyumbani. Ukikaa humo, tutakuleta kwenye sanduku."

Mzee alivaa koti. Hakuna aliyemwambia zaidi. Alizima jiko, akatia pasi mfuko wa ndani, akampa Mama Bea funguo za stoo na kumwelekeza robota lipi ni la nani, la kushoto la Morogoro, lile lenye kamba nyekundu la Arusha, asichanganye. Alirudia mara mbili. Kisha tukatoka, mimi na yeye, mchana kweupe.

Kutoka pale mpaka hospitali ni mwendo mfupi kwa mtu mzima wa afya. Kwake ulikuwa safari. Nilimshika kiwiko, naye hakupenda kushikwa. Huanshi Zhonglu magari yanapita, watu wanasukuma matoroli, na mbele yetu daraja la waenda kwa miguu, na chini ya ngazi za daraja polisi wanne. Nilimwambia tupite kichochoro cha nyuma. Akanionyesha mguu wake. Kitambaa kilikuwa kimelowa.

Hatukufika hata kwenye ngazi. Alikaa chini ukingoni mwa barabara, taratibu, kama mtu anayekaa kibarazani kwake. Polisi mmoja kijana alitukaribia. Huzhao. Nikatoa yangu, akaiangalia, akanirudishia. Akanyoosha mkono kwa Mzee. 

Mzee alitoa pasi yake, akaifungua mwenyewe pale pale penye viza iliyokufa, akampa. Kisha akafungua kitambaa cha mguu. Sitaeleza nilichokiona. Yule kijana aliangalia pasi, akaangalia mguu, akamwita mkubwa wake. Walizungumza kwa muda, wakapiga simu. Mwisho likaja gari lao, wakampakia. Niliomba kupanda, wakanikatalia kwa mkono. Mzee akaniambia kwa dirisha nikamsaidie Mama Bea kufunga, hajui kukaza kamba.

Walimpeleka hospitali kwanza. Hilo nitawashukuru. Polisi mmoja alikaa mlangoni mwa wodi siku zote alizolazwa, na sisi tuliruhusiwa kupeleka uji. Kidole kilikatwa. Alipoweza kusimama wakamchukua, akakaa kizuizini, na baadaye wakampandisha ndege. Stoo ilichukuliwa na mtu mwingine, ambaye anasafirisha vitu na maboksi yake.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, Iringa, nilipokwenda kwenye harusi ya ndugu yangu. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na bustani ya mchicha. Macho yalikuwa yameharibika. Aliniona kama kivuli, akanijua kwa sauti. Alitembea kwa fimbo. Jirani alimpikia, na mjini watu walimheshimu, wanamsalimia kwa mbali anawataja mmoja mmoja. Alikuwa na utani wake mkavu ule ule. Aliniuliza bei za Zhanqian Road akazikataa zote.

Asubuhi nilipokwenda kumuaga alikuwa anapima. Vijiti vilikuwa kichupani, kimezibwa. Alifanya kila kitu kwa kupapasa. Mashine ilipolia akanielekezea.

"Nisomee. Siku nyingine husoma jirani."

Ilikuwa kumi na sita. Nikamwambia.

 Akanipa simu. Wakati huo nilishajifunza kuandika meseji, wajukuu walinilazimisha.

"Mwandikie nane," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema binti ameapa namba ikipanda tena anakuja na gari kumchukua akakae kwake Dodoma, chumba cha nyuma, na televisheni. Alisema jana alikula viazi vitamu, alijua anakosea, kesho itashuka. Alisema amebakiwa na mlango huu mmoja wa kuufungua mwenyewe.

"Mama Neema, nakuomba." Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Niliandika kumi na sita, nikatuma. Alisikia vidole vyangu vinabonyeza.

"Umeandika nini?"

Nikamwambia.

Aligeuza uso kuelekea bustani, akakaza taya. Nilibaki na simu yake mapajani. Haikuchukua muda ikaita. Akaiacha iite. Ikakatika, ikaita tena. Nikaishika tu, sikupokea, kwa sababu haikuwa yangu.

Mwishowe akanyoosha mkono, nikamwekea kiganjani. Akaiweka sikioni.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ni kumi na sita. Na jana nimekwenda haja ndogo mara nyingi. Njoo."